Jinsi ya kujenga kanisa mkiwa watu sitini na hamna mfadhili

Bwana asifiwe wapendwa. Mi ni mhazini wa kamati ya ujenzi ya mtaa wetu, yaani kanisa dogo chini ya usharika, mwaka wa nane sasa, huku pembezoni mwa Dar ambako lami imeisha na bodaboda wanakupangia bei kwa kukuangalia viatu. Kila nikienda semina ya usharika lazima kuna mtu ananivuta pembeni ananiuliza nyie mlifanyaje, mbona sisi tunachangishana mwaka wa sita huu na hata msingi hatuna. Nimechoka kuelezea vipande vipande kwenye foleni ya chai, ntaandika yote hapa mara moja, mwenye kuchukua achukue.

Kabla ya yote, sisi hatukua na mfadhili. Hamna mzungu aliyekuja, hamna mbunge aliyetuletea bati. Tulikua watu 60 hivi, mama lishe, mafundi cherehani, walimu wawili wa shule ya msingi, bodaboda, mlinzi wa usiku, wastaafu watatu na wanafunzi. Kama kwenu kuna wafanyabiashara watatu wa Kariakoo usijichoshe kusoma, nenda kamwage zege.

Na niseme wazi kwamba hela sio iliyotuchelewesha. Kilichotuchelewesha ni kufanya mambo nyuma mbele. Unakuta watu wanaita harambee hawana kiwanja, wananunua kiwanja hawajui hati itaandikwa jina la nani, wanainua kuta hawana hata wazo la bati, alafu boma linakaa miaka linaota mapera ndani na vijana wanaanza kusali makanisa mengine. Kwa hiyo fuateni mpangilio, hata kama kuna mzee wa kanisa ana haraka.

Hatua ya 1: Jueni nyie ni nani kisheria

Hii inaonekana ya kukaa ofisini lakini ndo inayookoa kanisa baadae. Kanisa kama kikundi cha watu wanaosali haliwezi kumiliki ardhi, anayemiliki ni chombo kilichosajiliwa. Kama nyie ni mtaa au kigango chini ya kanisa kubwa, KKKT, Katoliki, Anglikana, Moravian na wengine, kazi ni rahisi sababu juu kwenu kuna bodi ya wadhamini tayari na kiwanja kitaandikwa jina la bodi hiyo. Nendeni mapema usharikani au parokiani muulize jina kamili linaandikwaje, neno kwa neno, mpewe kwa barua. Sisi mkataba wetu wa kwanza uliandikwa "Kanisa la" alafu jina la mtaa wetu, jina ambalo halipo kwenye rejista yoyote ya nchi hii, ikabidi turudi kwa muuzaji kumwomba asaini upya na akatuomba hela ya soda, na soda yenyewe ilikua laki moja.

Kama ni huduma inayojitegemea, mnaanza na usajili kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, mkiwa na katiba yenu. Alafu mnasajili wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ili muweze kumiliki mali. Inachukua muda na barua nyingi, na usajili wenu kule juu unaanzia kwa watu wa hapo hapo mtaani, kwa hiyo serikali ya mtaa wawafahamu mapema kabla hamjawahitaji.

Kitu cha kuepuka kabisa ni kuandika kiwanja jina la mchungaji, au la mzee mmoja "anayeaminika", kwa muda tu mpaka mambo yakae sawa. Hata kama ni malaika. Malaika nae akifa ana watoto, na watoto wataenda mahakamani kufungua mirathi na kile kiwanja kimo kwenye listi ya mali za marehemu. Hawatakua wezi, watakua wanafuata karatasi.

Hatua ya 2: Msione aibu ya pa kupanga, ila hesabuni watu

Sisi tulianza sebuleni kwa mama mmoja mjane, makochi yanatolewa nje Jumamosi jioni. Alafu tukahamia chini ya mwembe wa jirani yake, alafu darasa la shule tukilipa kidogo kila mwezi. Mwembeni ndo tulikaa muda mrefu na kiukweli ndo tulikua wengi, mtu anapita na ndoo yake ya maji anasikia kwaya anasimama. Turubai lilipasuliwa na upepo mara mbili.

Kipindi hicho chukueni daftari muandike idadi ya watu kila Jumapili kwa mwaka mzima. Hesabu ya Krismasi na Pasaka iwekeni pembeni, inadanganya. Hesabu ya kuamini ni ya Jumapili ya mvua mwezi wa nne, tope limefika magotini, waliofika siku hiyo ndo watakaojenga. Kwetu walikua 34. Tukapanga bajeti kwa watu 34, tukachora jengo la watu 120.

Hatua ya 3: Kamati ndogo yenye watu wagumu

Saba wanatosha. Wekeni wanawake wasiopungua watatu, sio kwa sababu ya usawa tu, ni kwamba wao wanajua bei ya kila kitu na hawaoni haya kuomba chenji. Wekeni kijana mmoja anayejua simu vizuri. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akiwepo kanisani mshukuruni Mungu, ila asikae kwenye kamati, mtakuja kugombana kwa ajili ya misumari.

Mchungaji au mwinjilisti asishike hela. Ni kumlinda yeye. Akaunti ya benki ifunguliwe kwa jina la kanisa, wasaini watatu, na hela isitoke mpaka wasaini wawili. Lipa namba nayo isomeke jina la kanisa, sio jina la mhazini, maana mtu akituma elfu kumi akaona limetokea jina la mtu, hata kama anakupenda, usiku atajiuliza.

Hatua ya 4: Kiwanja

Hapa mkae kitako maana hapa ndo makanisa mengi yanaumia, na sisi tuliumia.

Kiwanja cha kwanza tulichopenda kilikua kizuri mno, kona, karibu na stendi ya daladala, bei poa. Tukalipa advansi. Siku tumeenda kufyeka na mapanga yetu na nyimbo tukakuta familia nyingine inamwaga mawe ya msingi, na wao wana mkataba, mhuri ule ule, tarehe ya nyuma yetu miezi miwili. Muuzaji simu haipatikani. Advansi ile tulirudishiwa nusu baada ya mwaka na zaidi. Mama mmoja aliyeuza mbuzi wake wawili kwa ajili ya advansi ile hakusema kitu siku ile, alikaa tu kwenye jiwe akaangalia chini.

Kwa hiyo sahivi tukiulizwa tunawaambia fanyeni hivi. Kama kiwanja kimepimwa, chukueni namba ya kiwanja na kitalu mwende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, mtajua mmiliki ni nani, kama kina rehani ya benki, kama kuna zuio la mahakama. Kama hakijapimwa, nendeni serikali ya mtaa lakini msiishie hapo, pigeni hodi kwa majirani wa pande zote nne, kila mmoja muulizeni peke yake mpaka wake unaishia wapi na hiki kiwanja ni cha nani. Jirani anajua kuliko mwenyekiti. Alafu muulizeni afisa mipango miji wa halmashauri eneo lile kwenye mchoro limepangwa liwe nini, maana mnaweza kununua mahali ambapo kwenye karatasi ni barabara au soko.

Muuzaji kama ana mke au mume, mwenza asaini. Sheria inamtaka, na hata isingetaka, mngetaka nyie. Kama ni mali ya urithi mnaongea na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama mwenye barua mkononi, sio kaka mkubwa anayesema "hapa msemaji ni mimi". Mkataba uandaliwe na wakili, mashahidi wa pande zote mbili, na hela ipite benki ili ibaki alama.

Angalieni pia mko wapi kijiografia. Barabara kuu ina hifadhi yake, mita 30 kila upande toka katikati ya barabara, na sehemu nyingine ni zaidi. Mwaka 2017 bomoabomoa ya upanuzi wa barabara ya Morogoro kuanzia Kimara haikuchagua, nyumba za ibada nazo zilikwenda. Mto na vyanzo vya maji ni mita 60. Chini ya nyaya za umeme mkubwa msithubutu. Na nendeni kukiangalia kiwanja wakati wa masika, kiangazi kila kiwanja ni kizuri.

Udongo nao. Chimbeni shimo la mita moja tu muone. Mkikuta mfinyanzi mweusi ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, msingi wake ni ghali na kuta zitachora nyufa, bora muwe mbali na stendi kwenye kichanga kuliko karibu na stendi kwenye mfinyanzi.

Mkishanunua, siku hiyo hiyo pandeni minyaa mpakani au wekeni nguzo, na kila Jumamosi watu waende pale hata kulima mchicha. Kiwanja kisichoguswa mjini kinapata mwenyewe mwingine. Alafu anzeni mchakato wa kupima na hati, msisubiri jengo liishe.

Hatua ya 5: Hela, na hapa ntasema sana

Harambee kubwa yenye mgeni rasmi tulifanya moja. Kadi, suti, maturubai ya kukodi, pilau. Jioni MC akatangaza milioni 11 na laki 4, watu wakashangilia, picha zikapigwa. Mi nilikua nimekaa na sanduku, najua taslimu ni milioni 3 na kitu, na humo hatujatoa hela ya pilau. Zilizobaki ni ahadi. Kibaya zaidi, Jumapili zilizofuata sadaka ya ujenzi ikashuka, watu wanajua si tuna milioni 11. Ahadi nyingi mpaka leo ni ahadi. Toka siku ile kwetu ahadi inaandikwa daftari lake na haitangazwi pamoja na hela, inatangazwa ikishalipwa.

Kilichojenga kanisa letu ni tofali. Nilikaa na fundi tukapiga hesabu ya jengo la mita 8 kwa 15. Mzunguko wake ni mita 46. Ukuta ukienda juu mita 3 ni kama mita za mraba 138, toa milango na madirisha zinabaki kama 118, na tofali za inchi 6 zikisimamishwa ni kama 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo 1,200 hivi. Ongeza zile pembetatu za mbele na nyuma, ongeza za kuvunjika. Msingi tofali zinalazwa, kozi moja, yaani mstari mmoja kuzunguka jengo, inakula karibu 100, kozi sita 600. Jumla inacheza kwenye 2,000 na kidogo.

Nikasimama kanisani nikasema wapendwa, kanisa letu ni tofali 2,000. Tuko 60. Kila mtu tofali moja kwa wiki, wiki 34 tumemaliza kuta. Kukawa kimya kabisa. Mzee mmoja wa nyuma akasema "yaani ni hivyo tu?" Nikasema ni hivyo tu mzee, bado bati. Milioni 40 inamtisha mama anayeuza vitumbua, tofali moja ya wiki haimtishi, na akiweza mbili anajisikia ametoa mara mbili. Tukapaka ubao rangi nyeusi tukautundika mwembeni, kila Jumapili naandika kwa chaki tofali ngapi zimefika. Watoto wa Sande skuli walikua wanazisoma kwa sauti kuliko mistari ya Biblia, Mungu atusamehe.

Chanzo cha pili ni mavuno, watu wanaleta mazao na mifugo kanisani vinanadiwa. Wenye mila ya mnada baada ya ibada mnajua raha yake. Mwaka ule kuna mama alileta jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba ya katani, analalamika muda wote wa mahubiri. Mwinjilisti wetu ndo dalali. Jogoo akanunuliwa elfu 15, aliyenunua akasema namrudisha madhabahuni. Akauzwa tena elfu 20, akarudishwa. Elfu 18, akarudishwa. Elfu 13, akarudishwa. Mwisho akachukuliwa na bodaboda mmoja kwa elfu 12, watu wanamwangalia wanasubiri, akasema "mi huyu naenda nae, nyumbani hamna mboga," kanisa zima likaanguka kicheko. Jogoo mmoja katoa elfu 78, mifuko minne ya saruji na chenji. Alafu kwaya ya vijana wakauza maji na karanga wakaleta yao.

Kuna jambo hatukukubaliana wazee na mimi, mi bado nasimama pale pale. Wao walitaka majina yasomwe na kiasi cha kila mtu ili kuhamasisha. Mi nasema hapana. Someni jumla. Anayetoa 500 akisikia jina lake limesomwa baada ya wa laki mbili, Jumapili ijayo haji, na kwenye hesabu ya watu wa mvua yule wa 500 ndo alikuwepo.

Ripoti ni kila Jumapili, dakika mbili, baada ya matangazo. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na wiki ijayo tunanunua nini. Risiti zinabandikwa ukutani kila mtu azisome, hata asiye muumini. Siku moja risiti ya kokoto ilipungua elfu 6 na mtoto wa darasa la sita ndo aliyeona. Nilikosea kujumlisha. Nilisimama nikakiri, na wiki ile sadaka iliongezeka, sielewi kwa nini mpaka leo.

Mkopo sisi hatukuchukua.

Hatua ya 6: Ramani na kibali

Msijenge kwa ramani ya kwenye simu. Tafuteni mchoraji na injinia waliosajiliwa, hela yao inauma lakini kanisa sio nyumba ya kulala watu wanne, ni paa moja pana lisilo na ukuta katikati na chini yake kuna watu mia. Upana wa mita 8 kenchi za mbao, zile fremu za kubeba paa, zinabeba vizuri zikipigwa hesabu, mkitaka kwenda mita 12 au 15 hapo msisikilize fundi anayesema amewahi kujenga, sikilizeni injinia.

Mwambieni mchoraji madhabahu ikae upande ambao hamtaongeza, na upande wa mlango mkubwa ubaki wazi bila choo wala ofisi, ili mkiongezeka mnavunja ukuta mmoja mnarefusha. Madirisha makubwa na mengi, pande mbili zinazotazamana, joto la Dar mnalijua. Mlango wa pembeni lazima uwepo, sio wa mbele tu, watu wakitaharuki wote wanakimbilia ulipo mwanga.

Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri. Mnapeleka michoro, uthibitisho wa umiliki, mnalipa ada, mnasubiri. Kama kiwanja kimeandikwa makazi, ombeni kwanza kubadili matumizi yawe ya ibada. Hapa majirani wanaweza kupinga, na mara nyingi wanachopinga ni kelele, kwa hiyo kabla hamjapeleka fomu nendeni mkanywe nao chai, wa dini zote. Spika zielekee ndani, mkesha uwe na kiasi, watu wa mazingira wa serikali wana sheria zao za kelele na haziangalii kama ni baa au ni sifa na kuabudu. Sisi jirani yetu wa kushoto ni shehe, ndo aliyetuazima maji ya kumwagilia zege miezi mitatu.

Hatua ya 7: Choo, maji, stoo

Kwa mpangilio huo huo. Choo kwanza. Mafundi wanahitaji choo na nyie mtaanza kusali pale kiwanjani mapema kuliko mnavyodhani.

Kuhusu stoo niwape moja. Kuna mtu mwema alitupa mifuko 40 ya saruji wakati hata msingi hatujachimba. Tukashukuru, tukaipanga kwa mzee mmoja kwenye banda, chini juu ya udongo, mwezi wa tatu. Masika ikaingia. Tulipoifuata mwezi wa saba mifuko 31 ilikua mawe, unagonga na nyundo inarudi. Tulivyochana mfuko jiwe limebaki na umbo lake la mto, na nyuzi za kiroba zimejichora juu yake moja moja. Saruji haiwekwi akiba, inanunuliwa wiki ya kutumika. Mtu akitaka kutoa saruji mapema mwambieni aandikiwe dukani ichukuliwe siku ikihitajika. Akiba ni tofali zilizokwishafyatuliwa, zikamwagiliwa wiki nzima, zikapangwa. Tofali haliozi, na mwizi wa tofali 500 anahitaji gari.

Hatua ya 8: Msingi mpaka boma

Fundi mpeni kazi kwa hatua. Msingi una bei yake, kuta bei yake, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) bei yake, na kila hatua mkataba wa ukurasa mmoja. Hela ya ufundi itoke kwa asilimia kadri kazi inavyoonekana. Vifaa mnanunua nyie.

Alafu mtu wa kanisa awepo saiti kila siku ya kazi, kila siku, hata kama hajui kujenga. Wanaowatembeza wageni kanisa la Anglikana la Mkunazini Zanzibar, lile lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokua soko la watumwa, huwa wanaonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, wanasema mafundi waliziweka hivyo siku askofu Steere hayupo. Sasa kama askofu aligeuziwa nguzo wewe mzee wa kanisa wa mtaa ni nani. Sisi siku ya lenta tulikua msibani wote, tumerudi saa kumi zege limeshamwagwa, kijana mmoja saidia fundi akaninong'oneza mama, humo nondo ni mbili. Ramani inasema nne. Tulivunja kesho yake asubuhi bado halijakaza sawasawa, fundi amenuna, na nondo zilizobaki tukazikuta zimefunikwa na mchanga nyuma ya choo.

Mambo machache ya kushika hata kama hujasomea. Zege la nguzo na lenta lipimwe kwa ndoo au karai, lisikadiriwe kwa koleo. Maji yasizidi, fundi akitaka liwe uji ni ili alimwage haraka. Likishamwagwa limwagiliwe maji siku saba asubuhi na jioni, kina mama wetu waligawana zamu. Nondo zifungwe waya kabla, na mtu wenu azihesabu, apige picha, atume kwenye grupu la kamati ndo zege liruhusiwe.

Msiinue kuta mpaka hela ya bati na mbao iwe imefika angalau nusu. Ukuta bila paa unapigwa mvua, na zile pembetatu za mbele na nyuma zikisimama peke yake upepo wa kusi unazilaza chini usiku mmoja.

Hatua ya 9: Paueni, alafu hamieni

Kwenye bati kumbukeni namba ikipungua ndo bati linakua nene, geji 28 ni nene kuliko 30, kuna wauzaji wanawageuzia. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu, na mziangalie zimenyooka, mbao mbichi ikikaukia paani inavuta bati zima.

Paa likikaa, hamieni. Msisubiri plasta, marumaru wala jipsam. Sisi tuliingia sakafu ni udongo, madirisha ni mashimo, ikawa kila Jumamosi jioni kina mama wanamwagia maji na kufagia ili vumbi lisiamke wakati wa pambio. Kodi ya darasa tuliyokua tunalipa ikageuka hela ya jamvi, yaani zege la sakafu. Na watu walivyoona tuko chini ya paa letu wakaongezeka bila mkutano wowote wa injili. Yaliyobaki yalienda kwa makundi, Umoja wa Wanawake wakachukua madirisha, vijana umeme, kwaya wakachukua jukwaa lao wenyewe, na Sande skuli wakaambiwa wao ni kengele, wakaleta rimu ya gari iliyotundikwa pale nje mpaka leo.

Kuwekwa wakfu fanyeni mkishamaliza deni la mafundi. Fundi anayedai asiwepo getini siku ya askofu, ni aibu nimeiona kwa wenzetu. Nakala za hati, kibali na michoro ziwe sehemu tatu, mojawapo usharikani.

Sahivi tunachangia feni. Mchana ndani panawaka, na watoto wa Sande skuli walishaomba wao warudi mwembeni, wanakalia ile mifuko 31 ya saruji tuliyoipanga duara, kila mmoja na jiwe lake, na ukikaa la mwenzako kuna ugomvi.